Kutwa kwa Miguu Lushoto

Lushoto, Tanga
Mwishoni mwa Desemba

Mjomba wangu mpenzi,

Mimi sijambo, isipokuwa miguu. Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani, nyayo zimo ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Beseni sikuliomba. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniona nilivyokuwa nikipanda ngazi zake jioni hii, mkono mmoja ukutani, akaenda jikoni bila kusema kitu.

Siku tulipoagana bandarini uliniuliza: huko milimani kuna nini hasa cha mtu kukifuatia taabu? Ukanishauri nikodi gari, nikapige picha Irente, nile plamsi, nirudi zangu. Katika ushauri wako nimelifuata la plamsi tu. Leo nimetembea tangu asubuhi hadi magharibi, na kwa kuwa vigimbi vinauma na usingizi umegoma, bora nikujibu swali lako.

Nianze na njia. Basi la kutoka Dar lilinishusha Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, jua likiwa kali kama la kwetu Unguja. Mombo iko chini kabisa, miguuni pa mlima: mashamba ya mkonge, vumbi, na reli ya kutoka Tanga iliyofika hapo mwaka 1905. Hapo nikabadili gari, na papo hapo barabara ikaanza kujipinda ubavuni mwa mlima, huku mwamba, huku korongo. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 tu. Tulipofika Soni, kwenye maporomoko ya maji, abiria walikuwa wameshaanza kufunga madirisha mmoja baada ya mwingine, na mzee niliyeketi naye akavaa koti alilokuwa amelikunja mapajani muda wote wa joto. Mimi nilijitanda kanga zote mbili.

Mji uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani waliokuwa wakiteswa na joto na homa za pwani waliupenda kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Walijenga boma, wakafungua mashamba, wakapanda maua ya kwao. Jina lao limekwenda na wenyewe. Baridi ipo palepale, na asubuhi ya leo ilinitoa moshi mdomoni nilipokuwa nikiagiza chai ya tangawizi stendi.

Nilianzia sokoni. Karoti zimeoshwa hadi zinang'aa, viazi, njegere, hoho, nyanya kwenye matenga, mapeasi, mapichi na plamsi zilizopangwa mafungu mafungu. Nyuma ya soko Fuso lilikuwa likipakia kabichi, na hapo nikaganda. Kijana mmoja yuko chini kwenye lundo, anarusha kabichi mbilimbili. Mwenzake yuko juu ya gari, anazidaka kifuani na kuzipanga bila kugeuka kutazama zilikotoka. Kila zikitimia kadhaa anapaza hesabu kwa sauti ya kuimba, na karani aliyekaa juu ya tairi la akiba anaandika. Majani ya nje hayabanduliwi. Ndiyo yanayoikinga kabichi njiani. Katika muda wote niliosimama pale haikuanguka hata moja. Karani aliniambia mzigo unatakiwa uwe Dar kabla ya jua kuchomoza kesho.

Viazi vina habari yake. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa kofia ya kamba na kujazwa tena, likasimama na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Serikali imeipiga marufuku na Wakala wa Vipimo wanaifukuza miaka nenda miaka rudi, lakini mnunuzi akisema anataka gunia la namna hiyo, mkulima aliyeshuka nalo kutoka mlimani atakataa vipi? Alipandishe tena nani? Analipwa kwa gunia, wala si kwa kilo, na kile kichwa kilichozidi ni jasho lake alilolitoa sadaka.

Kijana aliyeniongoza ni mzaliwa wa vijiji vya juu. Alinipa fimbo, akaniangalia viatu, akasema, “Haya dada, polepole. Irente si mbali.” Ni kama kilomita sita. Kwetu kilomita sita ni kutoka nyumbani hadi kwa mtu fulani na kurudi, kwa mazungumzo. Huku barabara ya gari huupanda mlima kwa kuubembeleza, ikienda upande huu na kurejea ule, na njia ya miguu huuendea kifua kwa kifua. Sisi tulifuata ya miguu. Baada ya nyumba chache za mwisho za mji nilikuwa nimeshavua kanga moja, na kabla ya kufika Yoghoi nilikuwa nahema kwa sauti. Taabu kubwa zaidi ilikuwa adabu. Watu wa huku hawapishani bila salamu, na salamu zao zina vituo: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Mimi pumzi ya kujibu sina, na kunyamaza siwezi. Nikawa najibu kwa kutikisa kichwa na kutabasamu, na wazee wakawa wanacheka kwa huruma.

Hapo ndipo aliposhuka mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, umempita upana pande zote mbili hata uso wake hauonekani sawasawa. Mvua ya jana ilikuwa imeulainisha udongo mwekundu, na mimi nilikuwa nimejishikiza kwenye mgrivea nisirudi nyuma. Nikatazama miguu yake. Hakuelekeza vidole chini. Alikanyaga upandeupande, kisigino kikitangulia kuuma udongo, magoti yamelegea kidogo, na mzigo haukuyumba. Akatusalimu, akaniambia pole, akapita. “Shuka hivyo,” kijana akaniambia. “Ukishuka wima leo usiku utalia.”

Nikauliza majani yale yametoka wapi, maana msitu sikuuona. Akanielekeza ubavu wa mlima wa pili. Nilikuwa nimeutazama tangu asubuhi bila kuuona: mashamba madogomadogo ya mahindi, maharage na migomba, na kukatiza kila shamba, kufuata usawa wa mlima, mistari ya majani marefu ya gwatemala na matete. Mistari ile huushika udongo mvua inapopiga. Yakikua hukatwa, wakapelekewa ng'ombe wanaofugwa bandani kwa kuwa uwanda wa kuchungia haupo. Ng'ombe anatoa maziwa, na samadi yake inarudi shambani palepale kwenye mstari.

Mjomba, jambo hili linaonekana dogo, lakini lina historia. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, kaskazini ya hapa, na baadaye ikausambaza katika milima hii. Kila mwenye shamba aliamriwa kulima matuta ya kukinga maji, na asiyelima akashtakiwa na kutozwa faini. Wataalamu hawakusema uongo: udongo ulikuwa kweli unakwenda na maji. Ila mashamba ya Msambaa, mwenyeji wa milima hii, ni vipande vilivyotawanyika, kimoja bondeni, kingine mgongoni, kingine ng'ambo ya mto, na waliotakiwa kuinama na jembe wengi wao walikuwa wanawake, ambao tayari walikuwa na chakula cha kulima. Watu walishuku pia kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Wakagoma. Machifu waliotumwa kuwalazimisha wakapoteza heshima, chama cha TANU kikapata wafuasi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Kisha mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, wa Tanzania na Ujerumani, wenye lengo lilelile la kuzuia udongo usishuke. Safari hii mstari wa majani ulikuwa na ng'ombe mwishoni mwake. Si kila mkulima aliufuata, na si kila mteremko umepona. Nimeona leo kuta nyekundu zilizokatwa na mvua hadi mawe yametoka nje. Lakini yule mama hakuwa amebeba amri ya mtu kichwani. Alikuwa amebeba chakula cha ng'ombe wake. Nami nilipokuwa nikipanda, kokoto zikikimbia chini ya kiatu, nikaona magoti yangu yanaulizwa swali lilelile linaloulizwa udongo wa huku kila masika: utajishika na nini usiende chini?

Tulifika Irente jua likiwa karibu na utosi. Kule mlima umekatika ghafla. Unatembea kati ya nyumba na mashamba, mara kunabaki mwamba, na mbele ya mwamba hewa tupu, karibu mita elfu moja kwenda chini. Huko chini kuna Mazinde, mkonge uliopandwa kwa mistari iliyonyooka, barabara kuu, reli, na ng'ambo yake nyika inayokwenda hadi macho yanaposhindwa. Nilikaa chini, kwa kuchoka zaidi ya kwa ajabu. Gari moja likaja, wakashuka wageni wanne, wakapigana picha mikono imetandazwa, wakanywa soda, wakaondoka. Muda wao wote pale haukutosha jasho langu kukauka. Picha zao zitakuwa nzuri kuliko zangu, hilo nakubali.

Kijana akanielekeza Mazinde kwa fimbo. Jina hilo unalijua, mjomba, kutokana na Habari za Wakilindi, kile kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi na Wakilindi, ukoo uliotawala milima hii ya Usambara, na kuandika habari zao kwa Kiswahili. Mimi nilipokisoma sikuelewa kwa nini ugomvi wote ule ulielekea Mazinde. Leo nimeelewa kwa kukaa tu. Kimweri ya Nyumbai alitawala Usambara kutoka Vugha, mgongoni mwa mlima, hadi alipofariki mwaka 1862. Nguvu yake ilikuwa huku juu: mvua, chakula, na watu. Lakini misafara ya pembe na watumwa haikupita huku. Ilipita kule chini, na bunduki zilikuja pamoja nayo. Mwanawe Semboja akakaa Mazinde, njiani mwa bidhaa, akajikusanyia silaha na washirika wa nyika, kisha akamtimua Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, kutoka Vugha, akamweka mwanawe mwenyewe. Vita vilivyofuata viliuza watu wengi pwani, na sisi wa Unguja hatuna haki ya kusikiliza habari hiyo kama wageni. Baadaye Wajerumani nao wakaja kwa njia ileile ya chini, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja. Watawala walishuka kufuata barabara. Wakulima walibaki juu na mteremko wao.

Chakula cha mchana tulikula kwenye shamba la Irente, ambalo ni la Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wanauza mkate mzito mweusi wa namna ya Kijerumani, jibini la hukohuko na jamu ya matunda. Mkaza mjomba asingeula mkate ule. Anapenda mkate unaobonyea. Mimi kwa njaa niliyokuwa nayo niliomba mwingine. Adhuhuri niliiswali nyumbani kwa mama mmoja kijijini, aliyenitandikia mswala na kunionyesha kibla kabla sijauliza. Milima hii ina makanisa makubwa na misikiti mingi, na adhana ikianza bonde moja hupokewa na bonde la pili, kwa hiyo wakati wa sala haukupiti hata ukitaka.

Mwenye busara angerudi kulala. Lakini nilikuwa nimeahidiwa msitu wa Magamba, ulio upande mwingine wa mji, kwa hiyo ilitubidi tushuke hadi mjini na kuanza kupanda upya. Bodaboda walitufuata wakiita, “Dada, panda, miguu imechoka!” Imechoka kweli. Kijana alinitazama kuniachia uamuzi, nami nikakataa kwa ukaidi ambao unajua vizuri umetoka upande gani wa ukoo.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, sehemu ya ile Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa. Misitu yake ni ya kale sana, na kwa kuwa kila mlima umesimama peke yake juu ya nyika kavu, ina viumbe visivyopatikana mahali pengine duniani. Ukiingia, jua linazimwa. Kuna mikulo mikubwa ambayo watu watatu hawaizungushi mikono, kuvumwani inaning'inia matawini, na baridi inapanda kutoka ardhini. Mbega walitupita juu kwa juu, mikia myeupe ikifuata nyuma, wakatikisa maji ya majani juu ya vichwa vyetu. Kinyonga wa pembe mbili puani kijana ndiye aliyemwona. Mimi nilionyeshwa mara kadhaa kwa fimbo na bado nikawa natazama jani.

Humo ndimo nilipojua habari ya maua ya urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, aliokota ua dogo la zambarau linalopenda vivuli na miamba yenye unyevu, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandikisha kwa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo wazawa wa ua lile wamo kwenye vyungu madirishani Ulaya, Marekani, hata Japani, wanauzwa madukani, na wengi wanaowamwagilia maji hawajui Usambara iko wapi. Jamaa zao waliobaki porini wanapungua kila msitu unapokatwa.

Faida ya msitu huu kwa wenyeji haimo kwenye vyungu. Ni maji. Vijito tulivyovivuka asubuhi, vinavyonywesha bustani za kabichi na karoti mabondeni wakati wa kiangazi, vyanzo vyake viko kwenye misitu ya namna hii. Msitu ukiondoka juu, bustani hukauka chini, na Fuso la asubuhi halina cha kupakia. Hilo kijana alilieleza kwa ufupi, akiwa amesimama juu ya gogo, huku mimi nimeketi juu ya gogo lingine na kuombea maelezo yake yasiishe upesi.

Kushuka kulikuwa ndiko kazi. Manyunyu yalikuwa yameanza, njia ikawa sabuni. Nikamkumbuka yule mama wa majani: upandeupande, kisigino kwanza, magoti yalegee. Mwanzoni nilikwenda kwa aibu, baadaye nikaona nasimama pale ambapo ningeanguka, nami nilikuwa sijabeba chochote isipokuwa chupa ya maji. Tulipofika taa za mji, adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika.

Basi jibu langu ndilo hili. Ungekuja kwa gari ungeona Irente, na ni pazuri, sikatai. Lakini ukipitishwa juu ya mlima umeketi, unauona wote ila kitu kimoja: mteremko. Na mteremko ndio unaoamua kila kitu huku, nani alime nini, mzigo ulipwe vipi, ng'ombe afugwe wapi, amri ipi watu waitii na ipi waigomee. Waliouandikia sheria mlima huu wakiwa ofisini walishindwa na akina mama wenye majembe, na mimi hadi jana nilikuwa nikidhani ni ukaidi tu. Leo vigimbi vimenisomesha.

Miguu ikikubali, keshokutwa nitapanda basi la Mtae, mwisho kabisa wa milima upande wa Mkomazi, ambako wanasema siku ya anga safi huonekana hadi Kilimanjaro. Basi, mjomba, nimesema basi. Kutembea nitatembea nikishafika.

Wasalimie wote, na umwambie mkaza mjomba jamu ya Irente nimemwekea. Na ukienda Darajani kabla sijarudi, ukaambiwa kabichi hii imetoka Lushoto, usikazanie kupunguziwa. Nisubiri nije nikuonyeshe njia iliyoshukia. Baada ya hapo kama bado utalitaka punguzo, tutakwenda wote tukaliombe.

Mpwa wako akupendaye